Jino la Kibibi na Mafuta ya Nyangavu

Hapo zamani za juzi tu, kabla sukari haijapanda bei mara ya mwisho, palikuwa na nchi iitwayo Nyangavu. Msiitafute kwenye ramani. Ramani ya Nyangavu huchapishwa na serikali ya Nyangavu, na kila ikichapishwa mipaka inasogea. Mimi nawasimulia ninayoyajua, na ninayoyajua ni mema matupu, maana nchi ile haikuwa na baya hata moja ambalo halikuwa limeshakanushwa.

Siku moja mgeni mkubwa kutoka ng'ambo alishuka uwanja wa ndege, akawatazama watu waliopangwa tangu alfajiri kumpungia bendera, akauliza kwa upole, "Mbona watu wenu wanaonekana wamechoka?"

Serikali ilikuwa sikivu, haikulala. Ilitolewa rai kwamba watu waachwe wapumzike, wapate maji ya kunawa na chakula cha kushiba, nyuso zitanyooka zenyewe. Mtoa rai akateuliwa kuiwakilisha Nyangavu katika kisiwa kisicho na watu. Badala ya rai yake ikaundwa Wizara ya Nyuso na Mwonekano wa Taifa, wizara ikapika mafuta, na mafuta yakapewa jina la Angaza.

Angaza yalikuwa meupe, mazito, na yalinuka kama dawa ya kufulia shuka za hospitali. Ndani yake mlikuwa na nini, hiyo ni siri ya dola. Kilichojulikana ni kwamba yakikaa sana kwenye kopo, kopo linatoboka. Wizara ilieleza kwamba huo ndio ushahidi wa ubora.

Basi kila raia akawa anapaka asubuhi na jioni. Kila nyuso kumi zilikuwa na balozi wake, na kazi ya balozi ilikuwa kupita mlango kwa mlango, akuwekee mgongo wa kiganja shavuni, anuse, kisha asalimie: "Umeng'aa?" Nawe unajibu: "Nimeng'aa." Jibu la pili halikuwahi kutungwa.

Watoto walisamehewa mpaka jino lao la kwanza la utotoni ling'oke. Siku hiyo ngoma hupigwa, pilau hupikwa, na mtoto hupakwa Angaza mbele ya kadamnasi. Waliolia walisemekana kuwa na ngozi yenye aibu.

*

Katika nchi hiyo alikuwapo mwanamke aitwaye Siwatu, mjane, msomaji wa taarifa ya habari kwenye televisheni ya taifa. Picha yake ilibandikwa kila njia panda ikiwa na maneno "Uso wa Angaza". Picha ilikuwa nzuri kweli. Ilipigwa kabla hajaanza kuyapaka.

Uso wenyewe ulikuwa umeungua. Mashavu yalikuwa mekundu kama yaliyokwaruzwa na makumbi ya nazi, ngozi ya kando ya pua ikimenyeka kama kitunguu, na akicheka pembe za mdomo zinapasuka. Kwa hiyo alikuwa ameacha kucheka, jambo ambalo halikumgharimu sana. Maji ya kunawa yalimwasha. Jasho lilimchoma. Alijifunza hata kulia akiwa ameinama, ili machozi yaanguke sakafuni bila kupita mashavuni. Kila jioni alifunikwa poda, akakalishwa chini ya mataa makali, akasoma kwamba wananchi wameendelea kung'aa kwa asilimia mia moja na kumi.

Hayo yote aliyavumilia. Mtu mzima huzoea mengi. Lililomtoa roho lilikuja jioni moja mezani, mtoto wake Kibibi alipoweka kijiko chini na kufungua kinywa kwa furaha.

"Mama, ona! Jino linacheza!"

Siwatu aliona. Lilikuwa jino la mbele, la chini, dogo kama punje ya mchele, na lilikuwa linacheza kweli. Aliutazama uso wa mwanawe, laini, usio na doa, akayakumbuka maji ya asubuhi yalivyomwasha, na akajua kwamba hawezi kuyaacha mafuta yale yauguse. Hakujua atayazuiaje. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi tangu siku hiyo.

Tangu hapo nyumbani kwake hakikupikwa kitu cha kutafuna. Ikawa uji, mtori, ndizi za kupondwa, mayai ya kuchemsha. Miwa ilipigwa marufuku. Mahindi ya kuchoma yalipigwa marufuku. Akina mama wengine husali watoto wao wakue. Siwatu alisali ufizi wa mwanawe ukaze, angalau mpaka apate la kufanya.

"Lakini mimi nataka ling'oke," Kibibi alilalamika. "Zamda keshapakwa. Alipigiwa ngoma, akapewa na soda."

"Na Zamda yuko wapi siku hizi? Mbona haji kucheza?"

Kibibi akafikiri. "Mama yake anasema anaogopa upepo."

*

Siwatu akaenda Hospitali Kuu ya Nyuso. Foleni ilizunguka jengo, na watu wote waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamejitanda kanga, mitandio na makoti mpaka puani, wakiambiana kwamba wameleta jamaa zao. Jamaa wenyewe hawakuonekana.

Alipofika zamu yake, Daktari Ndimbo alimtazama usoni, akatazama picha ya Mtukufu Kiongozi iliyotundikwa ukutani, akasema kwa sauti ya kusomea hotuba: "Kwa mujibu wa mwongozo, Angaza haichomi. Kinachochoma ni ngozi yako. Ngozi yako ina upinzani!"

Kisha akainuka, akafungua bomba la maji likamwagika kwa kelele, akamwinamia sikioni.

"Acha," alinong'ona.

"Niache nini, daktari?"

"Vyote. Angaza, sabuni ya povu, poda, kujisugua kwa dodoki, limau, liwa, kila alichokwambia jirani. Acha."

"Na dawa je?"

"Dawa ni huko kuacha, mama. Ngozi ni ukuta. Wewe unaubomoa asubuhi na jioni, halafu unaulaumu kwa kuvuja. Uache ujijenge. Nawa kwa maji ya kawaida, ya moto hapana. Usijifute kwa nguvu, gusagusa tu kwa kitambaa laini. Ngozi ikiwa bado na ubichi, paka mafuta mazito ya kawaida yasiyo na harufu, kidogo tu. Jua likwepe. Magamba usiyabandue, hata yakikusihi. Ukiona usaha, au macho yakivimba, rudi mbio."

"Kwa muda gani?"

"Wiki kadhaa. Na mwanzoni utaona kama hakuna kinachotokea. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, wakarudia makopo."

Siwatu alimshika mkono. "Kama unayajua haya, kwa nini usitoke nje ukawaambia wale wa foleni?"

"Nina familia," Daktari Ndimbo akasema, akafunga bomba. Halafu akapaza sauti, picha isikie: "Angaza Namba Mbili! Ya kutibu ngozi iliyoonewa wivu na Namba Moja! Kutwa mara mbili!" Akamkabidhi makopo ambayo mifuniko yake ilikuwa imeshaanza kulika.

*

Kuacha ni neno fupi, lakini katika Nyangavu hakuna lililokuwa gumu kulitenda. Kupaka kulikuwa na wizara. Kuacha hakukuwa na hata dawati.

Tatizo la kwanza lilikuwa balozi wa nyuso kumi, Mzee Pazi. Alikuwa mzee mstaarabu, mtumishi wa mitaa tangu ujana, na pua yake ilikuwa imeungua hata ikawa inang'aa kweli, kama nyanya iliyomenywa. Kila alipokwenda alitembea na kipepeo cha ukindu, akijipepea mashavu na kusema joto la mwaka huu halina mfano, hata mvua iliponyesha. Siwatu alipaka Angaza kwenye pindo la kanga aliyojitanda kichwani, mashavuni akapaka yale mafuta ya kawaida.

"Shikamoo, Mzee Pazi."

"Marahaba, Mama Kibibi. Umeng'aa?"

"Nimeng'aa."

Mgongo wa kiganja ulikuta utelezi, pua ikakuta harufu, na mzee akapita. Siku nyingine kiganja kilikawia shavuni kuliko kawaida. Mzee alimtazama, akaendelea kujipepea.

Tatizo la pili lilikuwa televisheni. Mkurugenzi wake, Bwana Kwezi, alipomwona bila poda, alijishika kichwa.

"Huwezi kwenda hewani hivyo!"

"Ndiyo maana naomba likizo, bwana mkurugenzi."

"Likizo? Uso wa taifa unakwenda likizo kwa nani? Wananchi wakikukosa jioni moja tu, watalazimika kutazamana wenyewe kwa wenyewe!"

Alizunguka chumba, akachungulia dirishani, na nje, pale njia panda, akaona dawa. Ile picha kubwa ya Siwatu ikashushwa, ikakatwa yakabaki kichwa na mabega, ikabandikwa kwenye ubao, na mahali pa mdomo pakatobolewa tundu. Tangu jioni hiyo Siwatu aliketi nyuma ya picha yake mwenyewe, akapitisha midomo kwenye tundu, akasoma habari. Simu za pongezi zilifurika. Waziri wa Nyuso, Mheshimiwa Profesa Daktari Mwinyigogo, alipiga mwenyewe. "Sasa ndiyo uso!" alisema. "Hata kope hazichezi! Huo ndio utulivu tunaoupigania!"

Nyuma ya picha palikuwa na giza na ubaridi. Hapakuwa na taa, hapakuwa na poda. Mwanzoni hakuona nafuu yoyote. Ngozi ilimkaza, ikamwasha, magamba yakamsihi kama alivyoambiwa, naye akakalia mikono yake asiyaguse. Yako mapambazuko aliyoinuka akaliendea kopo la Namba Mbili akiwa amekata tamaa kabisa, akidhani daktari amemchezea. Kilichomrudisha ni kulisikia jino la Kibibi likigonga kijiko katika chumba cha pili. Kisha asubuhi moja alinawa, akachukua kitambaa, na akiwa anajigusagusa akagundua kwamba maji hayakumwasha. Aliketi ukingoni mwa beseni akalia, safari hii ameinua kichwa, na machozi yakapita mashavuni bila kuchoma.

*

Jino liling'oka mchana, mlangoni, mikononi mwa serikali.

Mzee Pazi alikuwa amepita kusalimia, na kwa kuwa alimpenda yule mtoto alimchukulia pera kutoka uani kwake. Siwatu alipotokea, Kibibi alikuwa ameshauma. Pera lilikuwa bado gumu. Mtoto alitema kipande kiganjani mwa mzee, na katikati ya kipande pakawa na punje ndogo nyeupe.

"Limetoka!" Kibibi akapiga kelele, akirukaruka. "Limetoka! Majirani, limetoka!"

Mzee Pazi alilitazama lile jino kwa muda mrefu. Kipepeo kilikuwa kimesimama.

"Mzee wangu," Siwatu alinong'ona, "nakuomba. Sema hukuliona."

"Ningesema, Mama Kibibi. Wallahi ningesema." Aligeuza macho. Vichwa vilikuwa vimeshajaa madirishani, na kule mwisho wa mtaa mtu alikuwa ameanza kupiga debe kwa kukosa ngoma.

Kwa mtoto wa Uso wa Angaza ngoma ya mtaani isingetosha. Wizara iliamua kwamba Kibibi apakwe uwanja wa taifa, siku ya sherehe za Mng'ao, na Waziri mwenyewe, kwa Angaza Namba Tatu ambayo haijawahi kugusa mtu. Mama mtu ndiye atakayekuwa mshereheshaji. Siwatu alijaribu kutoroka na mwanawe. Kwenye kizuizi cha barabara kila askari alimtambua kwa picha, akamwomba amsalimie jamaa zake hewani, kisha akamrudisha nyumbani kwa heshima zote. Alikwenda kwa Daktari Ndimbo. Akaambiwa daktari yuko semina isiyo na mwisho. Likabaki jambo moja tu, nalo lilimtia hofu.

*

Uwanja ulijaa. Mtukufu Kiongozi hakufika, maana hakuwa amefika popote kwa miaka, lakini kiti chake kilipigiwa makofi. Waziri Mwinyigogo alipanda jukwaani. Kando yake kulikuwa na meza, na juu ya meza bakuli kubwa la maji baridi na taulo laini, kwa sababu kila baada ya kumpaka mtu Mheshimiwa alinawa upesi, ili mikono ya taifa isiharibike.

"Ndugu wananchi!" alianza. "Wahenga walisema uzuri wa mtu ni tabia. Wahenga hawakuwa na bajeti! Leo uzuri wa mtu ni sera! Tumetoka kwenye kuchoka, tumepita kwenye kuwashwa, na sasa tunaingia kwenye kung'aa kwa mfululizo!"

Watu walipiga makofi taratibu, wakichunga viganja visifike karibu na uso.

Siwatu alisimama mbele ya kipaza sauti akiwa amebeba picha yake. Alimwona Kibibi amekaa kwenye kiti kirefu, gauni jeupe, pengo wazi, anampungia. Akaishusha picha, akailaza chini.

"Ndugu zangu," alisema, "nitazameni. Uso huu uliungua kwa Angaza. Haujaguswa na mafuta hayo tangu mvua za vuli. Niliuacha tu, nikaunawisha maji, ukapona. Hata nyuso zenu zitapona. Nawaombeni, msiwapake watoto. Acheni."

Uwanja mzima ulimwona: mwanamke wa makamo, mashavu yake ya rangi yake, hayang'ai, hayameti, yana afya. Watu wengi hawakuwa wameuona uso wa namna hiyo siku nyingi. Siwatu alidhani amefika. Moyo ulimdunda kwa matumaini, na ninasikitika kulisema hilo, kwa kuwa najua kilichofuata.

Waziri Mwinyigogo aliangua kicheko kikubwa cha furaha.

"Mmeona, wananchi!" alinguruma. "Mmejionea! Mafuta yetu yana nguvu hata usipoyapaka!"

Makofi yakapasuka uwanja mzima. Bendi ikaitikia. Na Siwatu kabla hajasema neno jingine, askari wawili walishampongeza kwa kumshika mikono, na Waziri alishachota viganja viwili vya Namba Tatu akampaka Kibibi uso mzima, kipaji, mashavu na kidevu. Akanawa bakulini, akajifuta kwa taulo, akamsogezea mtoto kipaza sauti.

"Haya, mwanangu. Umeng'aa?"

Kibibi alikuwa amefumba macho.

"Inachoma," alisema. Halafu akapiga yowe, na vipaza sauti vikalibeba yowe lile mpaka kwenye majukwaa ya mwisho. "Mama, inachoma! Mama! Inachoma!"

Neno hilo halikuwa limewahi kusemwa hadharani. Askari walioshika mikono ya Siwatu, ambao nao walikuwa na mashavu, walilegea kidogo, na kidogo hicho kilimtosha. Alilirukia bakuli. Alichota maji kwa kiganja akaanza kumnawisha mwanawe, pole pole, bila kusugua, huku akimwambia, "Usifumbe kwa nguvu, mama, nipo, usijikune, yanatoka, yanatoka." Waziri alikuwa akitafuta ukurasa wa hotuba unaohusu hali kama hiyo.

Ndipo Siwatu alipohisi mtu nyuma yake. Mzee Pazi alikuwa amepanda jukwaani bila kualikwa. Kipepeo alikiacha chini. Pua yake ilikuwa inachuruzika, na mikono yake miwili ameikinga.

"Mama Kibibi," aliuliza, "yamebaki?"

Siwatu alitazama bakuli. Yalikuwa yamebaki kidogo, na shavu la kushoto la Kibibi lilikuwa bado jeupe. Nyuma ya mzee watu walianza kushuka majukwaani, mmoja mmoja, mitandio imeshushwa, nyuso zao wazi. Alimnawisha mwanawe shavu la mwisho. Kisha akachovya pindo safi la kanga yake, likanywa yote yaliyobaki, akalikamulia katika viganja vya mzee. Huko majumbani picha ya televisheni ilikatika, ukapigwa wimbo wa bendera.

*

Jioni hiyo taarifa ya habari ilisomwa kwa wakati. Uso wa Siwatu ulitabasamu kama kawaida, na tunduni mlikuwa na midomo mingine. Ilielezwa kwamba sauti imebadilika kwa sababu ya mafua, na kwamba sherehe zilifana.

Siwatu alihukumiwa kwa kosa la kuutumia uso wa taifa kinyume cha kibali, akapewa adhabu kubwa kuliko zote. Yeye na mwanawe walinyimwa Angaza maisha. Madirisha yao yakapigiliwa mbao jua lisiwafikie, na yeyote akakatazwa kuwatazama. Mahakama iliona hakuna mateso yanayozidi hayo, na hakimu, aliyejitanda mpaka puani, aliyasoma kwa sauti iliyofanana sana na wivu. Halafu mtu mwenye akili wizarani akakumbuka, wakakatiwa na maji.

Hilo ndilo lililomvunja Siwatu. Mashavu ya Kibibi yalikuwa yamevimba, mtoto akilala anaugulia, na mtungini yalikuwa yamebaki maji ya kunywa tu. Alimpunguzia kinywani akaweka usoni, akapunguza usoni akaweka kinywani, na vyote havikutosha. Alikaa gizani akimpepea kwa kipande cha boksi, akijiuliza kama ni yeye aliyemponza mwanawe kwa kutaka kumwokoa, na hakupata jibu.

Asubuhi mlango ulibishwa. Sheria ilidumu: hata waliofungiwa nyuso zao huhesabiwa. Ubao mmoja ulisogea, mkono wa kizee ukapenya, mgongo wa kiganja ukatafuta shavu la Kibibi na kuligusa kwa uangalifu mkubwa.

"Umeng'aa?" sauti ya Mzee Pazi ikauliza.

Kibibi alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa hana nguvu ya kumfundisha uongo.

"Hapana, babu," mtoto akajibu. "Inauma."

Mkono haukuondoka. Siwatu aliziba mdomo wake kwa kiganja, akingojea filimbi ya kuwaita askari.

"Hata mimi," alisema Mzee Pazi.

Kisha mkono ukatoka, na kwenye upenyo ule likaanza kusukumwa dumu la maji, kwa taabu, limejaa mpaka kwenye mfuniko.